Ruti Imebadilishwa: Mwongozo Kamili wa Kupanga Upya Safari Yako Dar es Salaam

Kila daladala zinapohamishwa ruti, asubuhi ya kwanza huwa ile ile. Kituo kimefurika. Konda wa gari geni anaita jina la mahali ambapo wiki iliyopita gari lake halikufika. Na wanaolalamika kwa sauti kubwa kuliko wote ni wale waliosoma tangazo: "Mbona waliandika linakwenda Posta?" Ni kweli, linakwenda Posta. Ila halipiti kwako.

Hapo ndipo wengi tunapokwama. Tunasoma mwisho wa ruti, hatusomi njia. Kibao cha mbele kina majina mawili makubwa, lakini kazini kwako, shuleni kwa mwanao na kliniki ya mama yako viko katikati ya majina hayo, mahali ambapo hakuna aliyepaandika.

Mwongozo huu ni kwa mtu ambaye ruti yake imebadilishwa au iko mbioni kubadilishwa. Kwa Dar es Salaam, watu hao ni wengi. Mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka, ilipoanza Barabara ya Morogoro Mei 2016, daladala za njia ile zilipangiwa kwingine. Awamu ya pili ni Barabara ya Kilwa hadi Mbagala, ya tatu ni Barabara ya Nyerere hadi Gongo la Mboto, ya nne ni Barabara ya Bagamoyo hadi Tegeta. Ukiishi pembezoni mwa mojawapo ya barabara hizo, fuata hatua zote. Ukiishi kwingine, hatua ya 1 hadi ya 3 zitakuonyesha kama unahitaji zilizobaki.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Tangazo lenyewe, kurasa zote. Simulizi ya jirani haitoshi, wala picha ya nusu ukurasa iliyozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp.
- Karatasi na kalamu. Simu itakusaidia, lakini kuchora kwa mkono kunakulazimisha kukumbuka vituo kimoja kimoja.
- Simu yenye ramani, ukishapakua eneo la Dar ili ifanye kazi hata bando likiisha.
- Saa. Ya simu inatosha.
- Nauli ya safari ya majaribio, kwenda na kurudi, ikiwa chenji: sarafu za mia mbili na mia tano, na noti ndogo. Siku za mabadiliko konda hana chenji, au anasema hana.
- Pesa ya akiba ya bodaboda moja, uiweke mbali na nauli.
- Ikiwa njia yako mpya inapita kwenye mwendokasi, kadi yenye salio. Itafute siku mbili tatu kabla. Asubuhi ya kwanza foleni ya dirishani ndiyo itakayokuchelewesha, si basi.

## Hatua ya 1: Hakikisha tangazo ni la kweli na ni la mwaka huu

Matangazo ya ruti hayafi. Lile la miaka mitatu iliyopita hufufuka kila uvumi mpya ukizuka, na mtu anayekutumia hana nia mbaya. Naye ametumiwa tu.

Angalia mambo matatu. Kwanza, nani katoa. Anayetoa leseni na kupanga ruti za daladala ni LATRA, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini. Mambo ya mwendokasi yanatoka kwa wakala wa DART. Halmashauri inaweza kutangaza kufungwa kwa stendi au kituo chake. Tangazo lisilo na mtoaji ni maneno ya kijiweni hata likiwa na nembo. Pili, tarehe ya kutolewa, mwaka ukiwemo. Tatu, tarehe na saa ya kuanza.

Hiyo ya tatu inawaangusha watu wazima na akili zao. Tangazo likisema mabadiliko yataanza "saa 6:00 usiku wa kuamkia Jumatatu", maana yake ni Jumapili usiku, siku inapogeuka. Jumatatu alfajiri unakuta mambo yamekwisha badilika. Wapo wanaosoma "usiku" na "Jumatatu" wakajipangia kuanza Jumanne.

Kuna mtego mwingine wa saa. Tangazo la Kiswahili huandika saa 11:00 alfajiri, lakini simu na tiketi nyingi huandika 05:00. Ukikuta ratiba imeandikwa 11:00 bila neno alfajiri, asubuhi au jioni pembeni, usikisie. Uliza. Kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa tano asubuhi kuna kazi ya mtu hapo.

Utajua umefaulu ukiweza kumwambia mtu kwa sentensi moja: katoa fulani, lini, inaanza siku gani, gari la kwanza la utaratibu mpya ni saa ngapi.

## Hatua ya 2: Jua umepatwa na badiliko la aina gani

Si kila badiliko linauma sawa. Kalamu mkononi, tia alama kwenye mojawapo:

Ruti imefupishwa. Gari lililokuwa likifika Posta sasa linaishia Makumbusho, kwa mfano. Una kipande cha mwisho cha kutafutia gari la pili.

Ruti imerefushwa. Inaonekana neema, na kwa anayeishi kwenye kipande kipya ni neema kweli. Lakini kama ulikuwa ukipandia pale ilipoanzia, ukikaa kiti cha dirishani bila kusukumana, sasa gari litakufikia limeshajaa.

Stendi imehamishwa. Ruti ni ile ile ila gari linaanzia au kuishia mahali pengine. Pima umbali wa kutembea, na upime ukiwa na mzigo.

Ruti imefutwa. Hii angalau haina unafiki. Nenda moja kwa moja hatua ya 4.

Ruti imebadilishiwa barabara. Mwanzo ule ule, mwisho ule ule, katikati pamehama. Hii ndiyo mbaya kuliko zote kwa sababu jicho linaona majina mawili ya zamani, moyo unatulia, hausomi zaidi.

Nasema hivyo kwa sababu yalinikuta. Nilikuwa naishi Tegeta, nashuka Sayansi. Nikasoma tangazo, nikaona Tegeta na Posta, nikalala usingizi mnono. Asubuhi nikapanda, nikapata kiti, nikafungua simu. Nilipoinua kichwa gari lilikuwa limekata kushoto njia panda ya Kawe na abiria nusu walikuwa wamesimama wakipiga kelele "Shusha! Shusha!" Konda, kijana mpole kabisa, akasema, "Jamani, si imeandikwa via Kawe?" Ilikuwa imeandikwa. Herufi ndogo, chini ya kioo, rangi nyeupe juu ya kioo chenye vumbi. Tulishuka kama watu tisa, tukarudi kwa miguu hadi barabara kubwa kama msafara wa mazishi.

Tahadhari: neno "via" au "kupitia" ndilo la kwanza kulisoma katika tangazo lolote. Tangazo lisipolitaja, hujasoma tangazo kamili.

## Hatua ya 3: Chora safari yako kituo kwa kituo

Chora mstari. Mwanzo andika unapopandia, mwisho unaposhukia, na katikati vituo vyote unavyovikumbuka. Usiandike "Mwenge" ukiwa na maana ya mahali popote pale Mwenge. Andika upande wa barabara na kitu kilichopo pale: sheli, msikiti, kona ya duka la dawa. Daladala hushusha mahali maalumu, na kuhamishwa mita mia tatu tu kunaweza kukuvusha barabara mbili.

Kisha zungushia duara sehemu ambazo lazima ufike: kazini, shule, soko, hospitali. Mtu mmoja anaweza kuwa na duara moja siku za kazi na duara jingine Jumamosi. Andika yote mawili.

Sasa weka tangazo pembeni na upitishe njia mpya juu ya mchoro wako. Kila mahali mistari miwili inapoachana, weka msalaba. Kama hakuna msalaba kati ya mwanzo wako na duara lako la mwisho, funga karatasi, badiliko halikuhusu. Watu wengi wanaopaniki wako kundi hili.

Ukiona misalaba, endelea.

## Hatua ya 4: Tafuta njia tatu, si moja

Kosa linalofuata ni kuuliza "Sasa gari gani linakwenda Kariakoo?" na kuridhika na jibu la kwanza. Uliza hivi: "Kutoka hapa ninapokaa, barabara kubwa ziko ngapi ninazoweza kuzifikia?"

Chukua mtu wa Goba anayefanya kazi Kariakoo. Akizoea gari moja ataona dunia imefungwa siku gari hilo likiondolewa. Lakini Goba ina milango mitatu. Anaweza kutokea Mbezi Luis, akashika Barabara ya Morogoro hadi Kimara na kupanda mwendokasi ya Gerezani. Anaweza kupita Makongo akatokea Mwenge. Anaweza kutokea Tangi Bovu, akaingia Barabara ya Bagamoyo. Na akishafika upande wa Makumbusho, hana haja ya kusubiri gari la moja kwa moja la Kariakoo. Anaweza kusogea hadi Morocco na kuchukua mwendokasi inayopita Kinondoni na Magomeni.

Njia ya Mbezi Luis inaonekana ya kijinga kwenye ramani kwa sababu unarudi nyuma ili uende mbele. Usiitupe kwa ajili hiyo. Barabara ndefu isiyo na foleni huishinda fupi iliyoganda, na hilo hutalijua kwa kutazama ramani.

Kwa nini tatu? Moja ni ya kila siku. Ya pili ni ya siku ile njia ya kwanza ikikataa. Ya tatu ni ya mvua. Mto Msimbazi ukijaa, Jangwani hufungwa, na mwendokasi ya kwenda mjini hukatika pale pale. Anayetegemea Morogoro pekee masika ya Machi hadi Mei anajua anachosubiri. Hakikisha walau njia yako moja haipiti Jangwani.

## Hatua ya 5: Chagua vizuri pa kubadilishia gari

Kama sasa utapanda magari mawili, mahali unapobadilishia patakuchosha au kukupumzisha kuliko gari lenyewe. Hapa tusikimbie.

Sehemu za kubadilishia ni za aina mbili. Ya kwanza ni stendi, mahali magari yanapogeuzia: Makumbusho, Mbagala Rangi Tatu, Gongo la Mboto, Mawasiliano na kadhalika. Gari linaingia tupu, unapanda, unasubiri lijae. Ya pili ni kituo cha njiani, ambako gari linakuja na watu wake tayari na wewe unatafuta pa kuning'inia.

Asubuhi, kwa mtu anayekwenda mjini, stendi inashinda hata kama inakurudisha nyuma kidogo. Daladala haina ratiba ya dakika, inaondoka ikijaa. Kwenye stendi kujaa huko unakusubiri ukiwa umekaa. Kituoni unasimama juani ukitazama magari yaliyojaa yakikupita bila hata kupunguza mwendo.

Ndiyo maana kuna watu wa "kugeuza nalo": unapanda gari linaloelekea kwenye stendi, unalipa, unakaa, linafika mwisho, linageuza, unalipa tena, unakwenda mjini ukiwa umekaa. Kama ni desturi yako, fahamu kwamba badiliko la stendi linaivuruga kwanza kuliko jambo lolote. Gari ulilokuwa ukigeuza nalo kwa dakika kumi sasa linaweza kwenda kugeuzia mbali, na nauli ya kugeuza ikawa kubwa kuliko ya safari.

Ukiingia mwendokasi kwa mara ya kwanza, zingatia mambo mawili. Kituo kiko katikati ya barabara, kwa hiyo vuka kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, usiruke ukuta. Na si kila basi husimama kila kituo. Yapo ya moja kwa moja. Soma kibao cha mbele kabla hujaingia, maana ukipitishwa Magomeni ukashushwa Fire utarudi kwa nauli yako.

Tahadhari: usichague pa kubadilishia penye barabara ya kuvuka bila kivuko wala taa, hata kama panakuokolea dakika tano. Alfajiri na magharibi madereva hawakuoni.

Utajua umechagua vizuri kama mahali pako pana mambo haya: magari ya kwenda kwako ya ruti zaidi ya moja, kivuli au paa, taa usiku, na mtu wa kumuuliza. Mama muuza vitumbua aliye hapo tangu saa kumi na moja alfajiri ana taarifa sahihi kuliko tangazo lolote.

## Hatua ya 6: Piga hesabu ya nauli ya mwezi, si ya siku

Tuseme ulikuwa ukipanda gari moja la shilingi 600. Kwenda na kurudi ni 1,200. Kwa siku 26 za kazi, 31,200. Sasa unapanda mawili ya 600 kila upande: 2,400 kwa siku, 62,400 kwa mwezi. Shilingi mia sita zilizoonekana ndogo zimekuwa elfu thelathini na moja na mia mbili, na hujaongeza bodaboda ya siku za kuchelewa.

Fanya hesabu hiyo kwa njia zako zote tatu, kwa nauli halisi iliyobandikwa ndani ya gari. Kisha weka muda pembeni ya kila moja. Mara nyingine njia ya bei ghali kidogo inakurudishia saa nzima kwa siku, na mara nyingine bajaji hadi stendi inakuondolea gari zima. Ila bodaboda ya kila siku usiiite njia. Hiyo ni dharura iliyozoeleka, na ndiyo inayomaliza mishahara ya vijana wengi kabla ya tarehe ishirini.

Mpeleke mwajiri wako karatasi hii kama unalipwa posho ya usafiri. Namba zilizopangwa zinasikilizwa kuliko "nauli imepanda, bosi".

## Hatua ya 7: Fanya safari ya majaribio, saa ile ile unayosafiri

Usijaribu Jumapili. Jumapili Dar ni mji mwingine; kutoka Mbagala hadi Kariakoo unafika ukijiuliza foleni zimekwenda wapi. Jaribu siku ya kazi, saa yako ya kawaida. Kama huwezi kupata ruhusa, jaribu siku unayoingia kazini kwa zamu ya mchana.

Ruti mpya haijaanza? Jaribu vipande ambavyo tayari vipo: tembea hadi kituo kipya, panda kipande cha mwendokasi, vuka unapotarajia kuvuka. Kitakachobaki hakijajaribiwa kitakuwa kimoja tu.

Andika nyakati nne tofauti:

1. Kutoka mlangoni hadi kituoni.
2. Kusubiri hadi gari liondoke likiwa na wewe ndani.
3. Kuwa ndani ya gari.
4. Kutoka gari la kwanza hadi la pili kuondoka.

Sababu ya kuzitenganisha ni kwamba zinatibiwa tofauti. Ya tatu ni foleni. Dawa yake ni kuondoka mapema au kubadili barabara. Ya pili na ya nne ni upungufu wa magari. Kuondoka mapema hakusaidii kama gari lenyewe linaanza saa kumi na mbili.

Kupima kusubiri kuna namna yake. Simama kituoni nusu saa. Piga mstari kwa kila gari la ruti yako linalopita, kisha tia duara kwa kila lililosimama na kupakia. Nilipofanya hivi wakati fulani nilipata mistari kumi na moja na maduara matatu. Mtu angeniambia "magari yapo mengi" asingekuwa mwongo. Mimi nilihitaji yale matatu.

Chukua jumla ya nyakati zote nne, ongeza robo saa kwa wiki ya kwanza, kisha hesabu kurudi nyuma kutoka saa unayotakiwa kufika. Hiyo ndiyo saa yako mpya ya kutoka mlangoni. Ukijaribu mara mbili na tofauti ikazidi nusu saa, njia hiyo haijatulia. Jaribu ya pili.

## Hatua ya 8: Panga kurudi kana kwamba ni safari nyingine

Karibu kila anayeniandikia kuhusu ruti mpya ameshapanga asubuhi vizuri. Anakwama saa mbili usiku.

Kurudi si kinyume cha kwenda. Daladala ya kurudi inaweza kupandiwa mtaa mwingine kabisa, hasa Kariakoo na Posta ambako barabara nyingi ni za upande mmoja. Stendi iliyokuwa tupu asubuhi jioni ndiyo yenye umati. Na usiku madereva wengi huangalia abiria walipo. Ruti iliyo kwenye leseni inaweza kuishia nusu ya njia.

Kwa hiyo jua mambo matatu: unapandia wapi hasa, gari la mwisho linaondoka saa ngapi kwa uhalisia wake, na ukilikosa unalala wapi au unapanda nini. La pili usiulize ofisini. Waulize walinzi na wauza matunda wa pale pale.

Tahadhari kwa wanaofunga kazi usiku: usiache kipande cha mwisho, kile cha kutoka barabarani hadi nyumbani, kikawa kirefu kuliko zamani bila kupanga. Kubaliana na dereva mmoja wa bajaji au bodaboda unayemfahamu, muwe na bei moja ya wiki.

## Hatua ya 9: Wanafunzi, wazee na wenye mizigo

Mwanafunzi akiambiwa apande magari mawili, amekuwa na nafasi mbili za kuachwa kituoni badala ya moja. Safiri naye siku mbili za kwanza, siku ya tatu mwache apande nawe umekaa nyuma bila kumsaidia. Mwandikie karatasi: jina la kituo, kitu kilicho pale, namba yako ya simu. Mfundishe kusema kituo cha kabla ya chake, ili ajue anakaribia.

Kwa mzee anayekwenda kliniki, njia yenye ngazi chache inaishinda yenye dakika chache.

Na kama una safari ya mkoani ndani ya wiki ya mabadiliko, nenda Stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis, au Stesheni kwa treni ya SGR, mapema kupita kawaida. Treni haina habari na ruti yako.

## Hatua ya 10: Wiki ya kwanza, uliza swali sahihi

Usimuulize konda, "Linakwenda Posta?" Konda yeyote atajibu, "Twende, mama, panda!" Jina la mwisho wa ruti ni wimbo wake.

Uliza hivi: "Konda, unapita Sayansi?" Taja kituo chako. Kisha malizia: "Unafika mwisho, au unageuzia njiani?" Uliza ukiwa mlangoni, mguu mmoja chini, wengine wakisikia. Jibu lililosikiwa na watu watano konda haligeuzi kirahisi.

Tazama pia ubavu wa gari. Daladala za Dar zina mstari wa rangi wa ruti na majina yameandikwa. Siku za mpito utakutana na gari lenye rangi na majina ya ruti ya zamani na kibao kipya cha karatasi kiooni. Hapo amini kinywa cha konda na abiria waliomo, si rangi.

Likikatisha ruti, usishuke ukiwa umenyamaza, na usipigane. Dai salio la nauli, kwa sababu umelipia hadi mwisho. Piga picha namba za gari. Andika saa na mahali. Hutaki kutegemea kumbukumbu ukiwa na hasira.

Ukimaliza siku tano bila kumuuliza mtu njia, na dakika zako zinakaribiana siku hadi siku, umemaliza kazi.

## Hatua ya 11: Kama ruti mpya haifai, lalamika kwa namna itakayosomwa

Ruti hurekebishwa. Kipindi cha kwanza baada ya mabadiliko ndicho wakati wa kusema, kabla mambo hayajakauka. Peleka malalamiko LATRA, au kwenye baraza la kutetea watumiaji wa usafiri wa nchi kavu, LATRA CCC, ambalo kazi yake ni hiyo. Serikali ya mtaa nayo ikiandika barua yenye saini za wakazi, inabeba uzito kuliko simu ya mtu mmoja.

Malalamiko mengi hufia kwenye maneno kama "tunateseka sana, mtusaidie". Anayesoma hana cha kufanya nayo. Toa karatasi yako ya hatua ya 7 na uandike kwa ufupi. Fuata mfano huu, ukiweka majina na namba zako:

"Ruti ya Tegeta kwenda Posta sasa inapita Kawe. Abiria wa Lugalo, Mwenge na Sayansi tunapanda magari mawili. Jumatatu hadi Jumatano, saa 12:30 hadi saa 1:00 asubuhi, nilihesabu magari 11, 13 na 10 yakipita kituoni. Yaliyopakia ni 3, 4 na 3. Magari mawili yaligeuzia njiani, namba zake na saa nimeambatanisha. Tunaomba sehemu ya magari ya ruti hii yapite Mwenge kuanzia saa 11:30 alfajiri hadi saa 3:00 asubuhi, na kibao cha njia kiandikwe kwa herufi zinazosomeka kutoka barabarani."